Mchezo wa Mkanda Usiosimama

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani uliyofundishwa shuleni. Ukiiona humo, na ukautambua hata uwanja wake wa ndege, lawama mpe mchora ramani, mimi usinihusishe. Nina matatizo yangu ya kutosha.

Nchi hiyo ina uwanja wa ndege mkubwa kuliko ndege zake. Ndani ya uwanja huo kuna mkanda wa kubebea mizigo, mrefu, wenye njia panda na kona, unaoanzia kwenye kaunta za abiria, ukapita chini ya ardhi, ukapanda, ukajigawa, mpaka kwenye milango ya kupakilia ndege. Wageni walioujenga waliweka vitufe viwili: cha kijani cha kuuwasha na chekundu cha kuusimamisha. Wakakabidhi funguo, wakapiga picha ya pamoja, wakarudi kwao.

Siku ya uzinduzi watu wa itifaki walitandika zulia jekundu, wakafunga utepe mwekundu, na kwa kuwa ni watu wanaojua kulinganisha rangi, wakamfikisha Mtukufu Kiongozi kwenye kitufe chekundu. Mkanda ulikuwa umeshawashwa mapema ili usije ukaleta aibu mbele ya wageni. Mtukufu akabonyeza. Mkanda ukasimama.

Waliokuwepo wanasema hata wapiga tarumbeta walisahau kuzishusha midomoni. Ndipo Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mizigo, Dakta Mhandisi Nyangumbe, alipopiga makofi na kupaza sauti: "Tazameni unavyokwenda!" Watu wakatazama, wakapiga makofi. Nyuma ya pazia fundi mmoja alikimbilia kitufe cha kijani, na makofi yalipokuwa yanaelekea kwisha mkanda ukaondoka kweli. Mtukufu akatabasamu, akatamka maneno ambayo baadaye yalichongwa kwenye jiwe: "Nilichokiwasha mimi hakisimami."

Tangu siku hiyo kitufe chekundu ndicho kinachowasha mkanda. Sheria ndivyo inavyosema. Kilijengewa sanduku la kioo palepale kwenye chumba cha kuongozea mitambo, kikatiwa kufuli, jiwe la kumbukumbu likawekwa pembeni, na akaletwa mlinzi, Koplo Hemedi, bunduki begani na kitambaa cha kupangusia vumbi mkononi. Tena, kwa kuwa aliyeuwasha mkanda ni Mtukufu, hakuna aliye chini yake anayeruhusiwa kuusimamisha. Watu wote nchini wako chini yake, kwa hiyo mkanda hausimami.

Tatizo dogo tu ni kwamba mabegi hayakualikwa kwenye uzinduzi, wala hayakuisikia hotuba. Kuna mahali chini ya ardhi panaitwa Kona. Begi likifika pale limelala vibaya, linakwama. La nyuma yake linalipanda, linalofuata linayapanda yote mawili, na mara pametokea kichuguu cha mabegi kinachosagwa na mkanda unaoendelea kukimbia chini yake. Kwingineko duniani mtu hubonyeza chekundu, akalitoa begi, akabonyeza kijani, akarudi kwenye chai yake. Sisi tulibuni njia yetu ya kizalendo, na njia hiyo inaitwa mzamiaji.

Mzamiaji ni mwanamume mwenye ovaroli ya bluu. Hufungwa kamba kiunoni, mwenzake akashika ncha ya pili, naye huzama kwenye tundu la Kona mkanda ukiwa unakimbia, akalikwanyua begi lililokwama, akavutwa nje kabla mkanda haujamvuta ndani. Mzamiaji wa kwanza alistaafu akiwa na mkono mmoja pungufu. Mamlaka ilimwandalia hafla nzuri sana, ikamwomba awaongoze wageni kupiga makofi.

*

Mimi niliingizwa kwenye mambo haya kwa sababu ya kuku. Kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kompyuta, na mchezo wangu wa kuku avukaye barabara ulipendwa sana na Dakta Mhandisi Nyangumbe, hasa akiwa vikaoni. Wakati huo malalamiko ya abiria yalikuwa yamezidi. Sanduku la balozi mmoja lilikutwa kwenye shehena ya samaki wa barafu. Magauni ya harusi yalikuwa yakifika miji ambayo maharusi hawajawahi kuiona. Mamlaka ikaketi kutafuta kosa liko wapi. Mkanda haukuwa na kosa, maana uliwashwa na Mtukufu. Uongozi haukuwa na kosa, maana uliteuliwa na Mtukufu. Wakabaki waongoza mizigo, ambao waliajiriwa tu kwa tangazo, na ikaonekana kwamba hawana mafunzo.

"Bwana Sengo," Mkurugenzi aliniambia siku aliyoniita, "nimetoka kwenye semina ng'ambo. Kule rubani anafundishwa kwa mchezo. Anakaa kwenye kiti, anaangusha ndege mara kumi, siku akikabidhiwa ya kweli haangushi. Sasa mwongoza mizigo ashindwe nini? Nataka mchezo. Wa kisasa, wenye muziki. Mtu akimaliza kuucheza awe ameiva."

"Nitahitaji kukaa kwenye chumba cha kuongozea mitambo, niione kazi yenyewe."

"Kaa upendavyo. Ila usiguse kitu. Hasa kile." Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kioo, kisha akakikunja upesi, kana kwamba kunyoosha tu nako ni kosa.

Chumbani nilimkuta mwongoza mizigo wa zamu, Pulkeria, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Mbele yake palikuwa na runinga nyingi zinazoonyesha mabegi yakipita, na upande wa pili wa chumba mkanda wenyewe ulikatiza ukipanda kutoka Kona. Alinikaribisha vizuri, akanieleza hili na lile, na mimi nikawa naandika. Mara taa ya njano ikawaka. Pulkeria akachukua simu ya upepo, akasema maneno mawili tu: "Deo, Kona." Halafu akavua miwani, akaiweka mapajani, akatazama ukuta.

Nilidhani macho yake yamechoka. Tulikaa hivyo mpaka sauti ya kiume ikakoroma kwenye simu: "Nimetoka." Ndipo akaivaa tena.

"Deo ndiye mzamiaji?" nikauliza.

"Ndiye mzamiaji. Deokari, mume wangu."

"Na unamtuma wewe mwenyewe?"

"Kaka, nifanyeje? Nikiomba kazi nyingine, mtu mwingine ndiye atakayemtuma, tena huku anatafuna karanga." Akapangusa miwani kwa pindo la kitenge. "Bora nimtume mimi."

Baadaye alinimiminia chai, akavuta kiti karibu. "Huo mchezo wako, kaka Sengo, wakubwa wataucheza?"

"Lazima waucheze. Wao ndio watakaouidhinisha."

"Basi weka kile chekundu kifanye kazi yake ya kweli. Kwa maneno tumeshawaambia, hawasikii. Labda wakibonyeza kwa vidole vyao wenyewe, wakaona mtu anatoka mzima, watakiondoa kile kioo. Deo amenusurika mara nyingi mno. Kila akitoka nyumbani namwangalia mikono."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wote, maana bado nilikuwa naamini kwamba mtu akionyeshwa kitu kwa macho yake atakiona.

*

Mchezo niliotengeneza ulikuwa mzuri, sitajinyima sifa hiyo. Mabegi yalikuja ya kila namna: ya magurudumu, ya kamba, maboksi, hata godoro lililokunjwa. Mchezaji aliyapanga kwenye njia zake. Kona ikijaa, taa ya njano inawaka, mchezaji anabonyeza chekundu, mkanda unasimama, kijana mdogo wa ovaroli ya bluu anaingia, anatoa begi, anapunga mkono, kijani kinabonyezwa, kazi inaendelea. Pulkeria aliujaribu. Kijana wa ovaroli alipopunga mkono, naye alimpungia bila kujijua.

Nikaupeleka kwenye kamati. Palikuwa na watu wa itifaki, mwanasheria, mtu wa usalama, na bwana mmoja kutoka Wizara ya Mazao ambaye hakuna aliyeweza kunieleza alifuata nini. Mkurugenzi akakaa kwenye kompyuta. Kona ikajaa, akabonyeza chekundu, mkanda ukasimama, kijana akapunga. Mkurugenzi akacheka kwa furaha, akarusha ngumi hewani, akasema, "Ameokoka!" Nikasema kimoyomoyo, Pulkeria, tumewapata.

Mwanasheria akakohoa. "Mkurugenzi, samahani. Umesimamisha mkanda."

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi akauondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyegusa pasi ya moto. "Mimi?"

"Tumeona wote."

"Bwana Sengo," Mkurugenzi akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, "kwa mchezo huu unataka kuliambia taifa kwamba siku ile Mtukufu alisimamisha mkanda?"

Nikasema mimi sijasema hivyo, nimefuata tu jinsi mtambo ulivyojengwa. Wakaniambia hilo ndilo tatizo la wataalamu, wanafuata. Basi wakaamua chekundu kiwashe mkanda. Nikauliza ni kitufe gani kitausimamisha. Mtu wa itifaki akaniuliza, kwa upole kabisa, kusimamisha ndiyo kufanya nini. Nikauliza mabegi yakikwama je. Wakaniambia mizigo haikwami, inakusanyika kwa hiari yake.

Marekebisho yakaendelea kuja, kila kikao na yake. Mabegi ya waheshimiwa yapakwe dhahabu, yawe na king'ora, na mabegi ya watu wa kawaida yakikisikia yashuke pembeni yasubiri. Mwongoza mizigo asiamue lolote kabla hajampigia simu mkubwa wake. Mkubwa wake awe kikaoni. Anayesubiri bila kununa apewe pointi, na anayeamkia vizuri kabla ya kueleza kwamba kuna moto apewe pointi mara mbili. Nilipoweka maneno "Umeshindwa" kwa anayepoteza mizigo yote, mtu wa itifaki aliyafuta kwa kalamu. "Mtumishi wa umma hashindwi," alisema. "Anahamishwa."

Mwishoni wakafika kwa kijana wa ovaroli.

"Huyu akinaswa na mkanda inakuwaje?" akauliza Mkurugenzi.

"Anakufa," nikasema. "Mchezo unaanza upya. Kwa kawaida mchezaji hupewa roho tatu."

"Tatu tu?" Aliwageukia wenzake amehuzunika kweli. "Jamani, serikali sikivu kama hii ihesabu roho za wafanyakazi? Mpe roho zisizo na idadi."

Kamati nzima ikasimama kumpigia makofi kwa utu wake. Bwana wa Mazao alifuta machozi. Tangu hapo kijana wa ovaroli akimezwa na mkanda upande huu, anatokea upande wa pili, anakung'uta mavumbi, anaimba ubeti mmoja wa kumsifu Mtukufu, anazama tena.

Nilikwenda kumweleza Pulkeria, nikiwa nimejawa na aibu na hasira kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Na Deo ulimwombea roho ngapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za kamati, akanikatiza.

"Anayo moja," akasema. "Tena ameshaitumia sana."

*

Ningekuwa naandika hadithi ya uongo ningeishia hapo, maana mambo yalikuwa mabaya kiasi cha kutosha. Lakini Mamlaka ilifanya utafiti. Waongoza mizigo wote walikalishwa kucheza, matokeo yakakusanywa, na ikagundulika kwamba katika mchezo mzima hakuna mzamiaji hata mmoja aliyeumia. Ikagundulika vilevile kwamba wazamiaji wa mchezoni hawana kamba kiunoni, maana mimi, mjinga, sikuichora kamba kwa kuwa kwangu mkanda ulikuwa unasimama. Kwa hiyo utafiti ukathibitisha kwamba kamba haina kazi. Kamba ya Deokari ikachukuliwa. Aliyekuwa akiishika akapelekwa kuongoza magari kwenye maegesho.

Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila hodi.

"Mkurugenzi, ule ni mchezo!"

"Mchezo wa kitaalamu, Bwana Sengo. Umeutengeneza wewe mwenyewe. Unataka kuniambia si sahihi?"

"Si sahihi hata kidogo! Mliubadilisha!"

"Tuliuboresha," akanisahihisha. "Ulikuja ukiwa sahihi, tukauboresha. Kwa hiyo sasa ni sahihi zaidi. Keti unywe maji, unatoka jasho."

Nilitoka nikapiga teke chungu cha maua mlangoni. Chungu nacho kilikuwa na kibao kidogo kinachoonyesha kilizinduliwa na nani. Nikatozwa faini.

*

Siku ya kuuzindua mchezo, Mtukufu alikuja mwenyewe. Chumba cha kuongozea kilipambwa, kile kioo kikang'arishwa mpaka koplo akawa anajiona ndani yake. Mimi niliwekwa nyuma ya pazia na kompyuta yangu, karibu na kitufe cha kijani, pamoja na fundi wa siku zote. Na ili mkanda uonekane una shughuli, kila mheshimiwa aliagizwa aje na begi lake. Waheshimiwa hawakutaka kuzidiwa na wenzao. Walileta mabegi mapya, makubwa kama majokofu, yaliyojazwa magazeti ili yavimbe.

Mabegi hayo yalifika Kona yote kwa pamoja. Wakati Mkurugenzi anasoma hotuba kuhusu taifa kuingia katika zama za roho zisizo na idadi, taa ya njano ikawaka kwenye meza ya Pulkeria. Mkurugenzi aliiona. Bila kuacha kutabasamu, akamwashiria kwa nyusi: mtume.

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Pulkeria akashika simu ya upepo, akasema yale maneno mawili, akavua miwani. Tukasubiri. Hotuba ikaendelea. Ile sauti ya "Nimetoka" haikuja. Pulkeria akakaza macho ukutani, midomo ikicheza. Bado haikuja. Akaivaa miwani.

Kwenye runinga ya Kona, Deokari alikuwa amenaswa. Mkanda wa begi la mheshimiwa fulani ulikuwa umemviringa bega, na mkanda mkubwa chini yake ulikuwa unamburuta, kidogo kidogo, kuelekea kwenye magurudumu ya chuma. Alikuwa amekanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, anasukuma.

Pulkeria akainuka, akamfuata koplo. Nilimsikia vizuri.

"Afande, fungua hicho kioo."

"Dada yangu, ufunguo ninao. Amri ya kukufungulia sina."

"Anafunguliwa nani?"

"Mtukufu peke yake."

Pulkeria akageuka. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele ambacho mpaka leo nakisikia masikioni. "Mtukufu baba!" akapaza. "Kina mama tunaomba utuwashie tena! Achana na hicho kitufe cha mchezoni, bonyeza kile cha kweli, macho yetu yashibe!"

Katika nchi ile kigelegele hakiachwi kikapigwa peke yake. Wafagizi wakakipokea, wake wa waheshimiwa wakakipokea, bendi ikaingilia kati. Kamera zote zikageuka. Mtukufu, ambaye hotuba ilikuwa imeanza kumchosha, akasimama amefurahi, akaliweka koti sawa. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu huku jasho linamtiririka, maana yeye alijua kitakachotokea. Koplo akafungua kufuli, akapangusa kitufe, akarudi nyuma. Mtukufu akabonyeza.

Mkanda ukasimama.

"Tazameni unavyokwenda!" Mkurugenzi akapiga kelele.

Makofi yakalipuka, na fundi, kama alivyozoea, akakimbilia kijani. Akanikuta nimekiziba kwa mgongo.

"Bwana Sengo, toka hapo!" akaninong'oneza.

"Kuna mtu Kona."

"Kuna Mtukufu hapa!"

Tukakamatana. Tulisukumana nyuma ya lile pazia bila kutoa sauti, tukikanyagana vidole, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa adabu. Huku nje makofi yaliendelea mpaka viganja vikapata moto, yakaanza kulegea.

Mtukufu alikuwa anatazama mkanda. "Unakwenda?" akauliza.

"Unakwenda, Mtukufu. Tena kasi kuliko ile siku ya kwanza."

"Lile begi la bluu naliona palepale."

"Linakwenda, Mtukufu. Sisi ndio tumetulia." Mkurugenzi akawageukia waheshimiwa, akawapa ishara, nao wote wakaanza kupiga hatua ndogondogo kuelekea kushoto, taratibu, wametazama mbele, ili begi lionekane linakwenda kulia. Mtukufu naye akasogea nao. Bendi ikalazimika kusogea pia, mpiga ngoma akamkanyaga Bwana wa Mazao. Walikuwa wameshafika ukutani na hawana pa kwenda zaidi wakati Deokari alipotokea.

Alitokea kwenye mdomo wa Kona akitembea juu ya mkanda uliosimama, ovaroli imechanika begani, mkono umelowa damu, begi la mheshimiwa kalishika kifuani. Akapita mbele ya Mtukufu, hatua kwa hatua, akichechemea.

"Mnaona?" Mkurugenzi akapaza sauti, karibu alie kwa furaha. "Unakwenda!"

*

Magazeti yaliandika kwamba mara hii mkanda uliwashwa vizuri zaidi. Kioo kikaongezwa unene, na kufuli zikawa mbili, ufunguo wa pili ukapelekwa Ikulu. Pulkeria alipewa cheti cha kigelegele bora na onyo la kuvuruga ratiba, vyote kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Kamba haikurudishwa. Deokari alifungwa bandeji, akaambiwa arudi kazini, kwa sababu wazamiaji wa mchezoni hawapumziki. Na mimi nikapewa ngao ya heshima, ya shaba tupu, nzito, imechorwa mkanda na maneno yale ya jiwe.

Nilirudi chumba cha kuongozea kuchukua kompyuta yangu. Ngao nilikuwa nayo kwapani, sikujua niitupe wapi. Pulkeria alinisalimu, nami nikaanza kukunja nyaya.

Taa ya njano ikawaka.

Pulkeria akashika simu ya upepo. Akavua miwani. Kisha akanigeukia, akaniwekea ile simu mkononi.

"Leo mwite wewe, kaka. Mchezo ni wako."

"Pulkeria..."

"Mimi siwezi tena."

Sauti ya Deokari ikakoroma kiganjani mwangu. "Naiona taa huku. Niingie?"

Nilisimama nimeishika simu, na hasira ya tangu kikao cha kwanza ikanipanda. Nikamtazama koplo. Koplo Hemedi alinitazama, akaitazama ngao, halafu akanipa mgongo na kuanza kulipangusa jiwe la kumbukumbu.

"Jiwe hili lina vumbi," alisema bila kugeuka. "Litanichukua muda."

Ngao ile ilikuwa nzito kweli. Kioo kile kinene kiliipokea mara mbili, mara ya tatu kikamwagika chini chote. Nikabonyeza.

"Deo," nikasema, "mkanda umesimama. Ingia, toa begi, utoke kwa miguu yako."

*

Sasa niko mahabusu, na upelelezi unawapa taabu sana. Walianza kwa kunishtaki kwamba nimesimamisha mkanda, wakagundua kwamba kwa sheria chekundu hakisimamishi. Wakabadilisha: nimeuwasha bila kibali. Mwanasheria wao akawauliza mkanda usiosimama unawashwaje. Mpelelezi ananiita kila mara na swali lilelile: "Ulipobonyeza, mkanda ulifanya nini?" Nikisema ulisimama, nimemtukana Mtukufu. Nikisema ulikwenda, hakuna kesi. Juzi nilimjibu ulikusanyika kwa hiari yake. Akaandika.

Kilichobaki ni kosa la kuvunja kioo, na kwa hilo nitakaa. Kioo kipya kimetangazwa kwa zabuni, na zabuni katika nchi ile huanza kwa kuunda kamati ya kuteua kamati. Kwa sasa kitufe kiko wazi. Mlinzi wake ana amri ya kukipangusa kikipata vumbi, na nasikia vumbi hukiingia kila taa ya njano inapowaka. Afande anapangusa kwa nguvu, mkanda unatulia kidogo, hakuna anayeona. Mkurugenzi amemsifu kwa usafi.

Askari wa zamu hapa wanaucheza mchezo wangu kwenye simu zao. Wananiambia ni mzuri, mtu hafi.

Leo mchana niliitwa kwenye dirisha la wageni. Alikuwa Deokari, ameniletea wali na maharage kutoka kwa Pulkeria. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso, na wala hatukuongea mengi, askari alikuwa amesimama palepale. Alinipa salamu za nyumbani, akalipitisha bakuli chini ya nondo. Lilikuwa la moto na limejaa, kwa hiyo alilishika kwa mikono miwili.